tail na wenzake: nani nimkabidhi zamu ya logi?

tail ni komandi ya kuonyesha mwisho wa faili, na mimi huitumia kutazama logi, yaani faili ambamo programu huandika kila kinachotokea. Bei: bure. Upatikanaji: ingia kwenye seva yoyote ya Linux utaikuta, hakuna cha kupakua. Umri: ilikuwemo tayari kwenye Unix Toleo la 7 la mwaka 1979, kwa hiyo imewazidi umri wengi wanaoitumia. Nyota: nne kati ya tano. Hiyo moja nimeinyima makusudi kwa sababu ya herufi moja tu, f ndogo, na nitafika huko.

Kazi yangu ni kulea seva za kampuni inayouza tiketi za mabasi kwa simu. Abiria anachagua kiti, anaweka namba yake ya siri, mtandao wa simu unakata pesa, kisha unaileta kwetu taarifa kwamba fulani amelipa. Taarifa hiyo ikiingia, tiketi inatoka. Isipoingia, abiria yuko pale kituo cha mabasi cha Mbezi Luis na begi lake, pesa imekatwa, kiti hana, na simu ya ofisini inaanza kulia. Mwezi wa kumi na mbili, watu wa Moshi na Arusha wanapopanda kwenda kula sikukuu kwao, logi ya malipo haipumziki tangu alfajiri. Saa hizo faili zima silitaki. Nataka mwisho wake, tena niuone unavyokua. Kwa hiyo haya ni maoni ya mtu anayekaa na logi kutwa. Anayefungua faili mara moja kwa mwezi atatosheka na chochote.

Sifa ya kwanza ya tail ni kwamba haina haja ya kusoma faili kutoka mwanzo. Ukiipa jina la faili inaruka hadi mwisho, inarudi nyuma kipande kwa kipande mpaka ipate mistari inayotosha, basi. Faili la megabaiti 2 na la gigabaiti 20, yote inayajibu papo hapo. Lifungue hilo la gigabaiti 20 kwa kihariri cha maandishi uone seva itakavyohema. Ila faida hiyo unaitupa mwenyewe ukiandika `cat malipo.log | tail`, kitu ninachokiona kwa vijana kila siku. Kwenye paipu, hiyo alama `|` inayopitisha matokeo ya komandi moja kwenda nyingine, hakuna kuruka: cat italisoma faili lote, mstari wa kwanza hadi wa mwisho, ili tail ichukue mistari kumi ya mwisho na kumwaga iliyobaki. Andika `tail malipo.log`, yatosha. Logi za zamani zilizobanwa kwa gzip ndizo hazina njia ya mkato. Hapo ni `zcat malipo.log.3.gz | tail` na kusubiri.

Usipoiambia kitu inakupa mistari kumi. Kwa logi ya nginx, programu inayohudumia kurasa za wavuti, kumi inafaa. Kwa programu ya Java ni kichekesho, maana kosa moja likianguka linamwaga mistari hamsini, unabaki unatazama miguu ya kosa huku jina lake liko juu huko hulioni. Mimi huanza na `tail -n 200` bila kufikiria.

Kuna matumizi mengine mawili ninayoyapenda na ambayo hayahusiani na kufuatilia chochote. Asubuhi tunapokea faili la CSV lenye miamala ya jana, na mstari wa kwanza ni vichwa vya safu. `tail -n +2 miamala.csv` inaanza mstari wa pili hadi mwisho. Ile alama ya kujumlisha inageuza maana, badala ya kuhesabu kutoka nyuma inahesabu kutoka mbele. La pili ni `tail -c 1 miamala.csv | od -c`, inayoonyesha baiti ya mwisho kabisa. Faili letu likiwa zima siku zote linaishia na `\n`, alama ya mwisho wa mstari. Nikikuta tarakimu au herufi pale, najua limekatika njiani wakati wa kutumwa, na silipeleki kwa wahasibu kabla halijatumwa upya.

Sasa kazi yenyewe. Hivi ndivyo logi yetu inavyoonekana, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri:

```
2024-12-20 05:41:07 malipo JIBU kumb=7F3K2 kiasi=45000 hali=SAWA
2024-12-20 05:41:09 malipo JIBU kumb=7F3K9 kiasi=45000 hali=SAWA
2024-12-20 05:41:40 malipo KOSA kumb=7F3L1 muda umeisha
```

Mgeni ataliona neno KOSA. Mimi jicho langu linakwenda kwenye pengo la sekunde 31 kabla yake. Alfajiri kama ile majibu huingia kila baada ya sekunde mbili tatu. Yakinyamaza nusu dakika, kuna kitu kimeziba upande wa pili, na hilo neno KOSA limekuja kuthibitisha tu. Hiki ndicho kinachoniweka kwenye tail mpaka leo, pamoja na mabango yote yenye grafu tuliyonunuliwa. Bango linakupa wastani wa dakika tano. Mistari inayoshuka mbele ya macho inakupa mwendo, na ukishauzoea mwendo wa mfumo wako, unashtuka hata ukiwa umegeuka kumimina chai.

Mazoea mawili ya mkononi kwa anayekaa na `tail -f`, inayoendelea kuonyesha kila mstari mpya unapoandikwa. Kwanza, kabla ya kujaribu kitu, bonyeza Enter mara nne tano. Mistari mitupu inaingia kwenye skrini, faili lenyewe haliguswi, na chochote kitakachoandikwa chini ya pengo hilo ni matokeo ya jaribio lako. Pili, mistari ikikimbia kupita macho, Ctrl-S inaigandisha skrini na Ctrl-Q inaiachia. Wengi wameigusa Ctrl-S kwa bahati mbaya, wakadhani seva imekufa, wakafunga dirisha zima.

Haya, hiyo f ndogo.

`tail -f malipo.log` inalifungua faili na kulishikilia lenyewe, jina halilijali tena. Usiku wa manane logrotate, programu inayozungusha logi zisijaze diski, inapita, inalibatiza jina faili la jana liwe malipo.log.1, inaunda malipo.log jipya tupu, na programu inaanza kuandika kwenye jipya. tail yako? Imelikumbatia la jana. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna mlio, skrini imetulia kimya. -f imepanda basi lenyewe: hata likibadilishwa kibao na kupelekwa gereji, imo ndani imekaa. `-F` kubwa inasimama kituoni inatazama vibao, na basi lolote likija na kibao cha malipo.log inalipanda hilo. Kila inapohama inakuandikia kwamba faili limebadilishwa na sasa inafuata jipya. Likitoweka kabisa inakuambia halipo na inaendelea kulisubiri.

Nimeona zamu nzima ya usiku ikiripotiwa kuwa "shwari, hakuna kosa hata moja tangu saa sita", na kweli hakukuwa na kosa kwenye faili ambalo halikuwa likiandikwa na mtu. Kijana wa watu alitazama skrini hiyo hadi alfajiri kwa uaminifu wote.

Watakaokuambia kwao -f haijawahi kuwasumbua, waulize logrotate yao imepangwaje. Ikiwa wanatumia `copytruncate`, faili halibadilishwi. Linanakiliwa pembeni kisha la mwanzo linakatwa kuwa tupu. Hapo -f inatambua limekatwa, inasema hivyo, inaendelea. Lakini kati ya kunakili na kukata kuna kipenyo kidogo ambacho mistari inaweza kupotea, na kwa logi ya pesa mimi sikubali. Tunatumia `create`, ile njia ya kuunda faili jipya, na kwa `create` ni -F tu.

Ubaya wa pili wa -f hauonekani kwenye skrini kabisa. Mtu anaingia kwenye seva kwa mbali kupitia SSH, anafungua tmux (kikao kinachobaki hai hata ukiondoka), anaweka `tail -f`, anajitenga na kikao, anasahau. Logi inazungushwa, ya zamani inafutwa. Ila kwa Linux faili lililofutwa haliachii nafasi kwenye diski hadi prosesi ya mwisho inayolishikilia ilifunge, na tail yetu bado imelishika. Ndiyo unakuta `df` inasema diski imejaa, `du`, inayojumlisha mafaili yanayoonekana tu, inasema kuna nafasi tele, na watu wanaanza kutuhumu diski mbovu. Andika `lsof +L1`, itakutajia mafaili yaliyofutwa ambayo bado yameshikiliwa, na mara nyingi kwetu jina linalotokea ni tail. Unaiua, gigabaiti zinarudi hapo hapo.

Ningekuwa na sauti, -F ndiyo ingekuwa tabia ya kawaida ya tail na -f ingeachiwa wenye sababu. Nyota imeondokea hapo.

Kuhusu wepesi wake sina neno. Tangu GNU coreutils 7.5 ya mwaka 2009, tail ya Linux haibishi hodi kwenye faili kila sekunde. Inajiandikisha kwa kerneli, kiini cha mfumo, kupitia inotify na kuamshwa faili linapoguswa. Unaiacha siku nzima na hata `top`, inayoorodhesha programu zinazoichosha mashine, haiioni. Isipokuwa folda ikiwa ya NFS, imetundikwa kutoka mashine nyingine: kerneli yako haijui kinachoandikwa na mashine za watu, kwa hiyo tail inarudia mtindo wa zamani wa kuchungulia kila sekunde moja. Ukiona mistari inakuja kwa mafungu badala ya mmoja mmoja, pengine ni hilo.

Pengine ni jingine, na hili halina uhusiano na tail ingawa yenyewe ndiyo inayolaumiwa. Kijana wa zamu alinipigia simu:

"Shikamoo dada. Majibu ya malipo yamekata. Dakika nzima hakuna kitu."

"Marahaba. Umeandika nini?"

Akanisomea: `tail -F malipo.log | grep JIBU | grep 45000`.

"Hiyo grep ya kwanza iongezee `--line-buffered`, mdogo wangu, halafu uniambie."

Kimya kidogo. "Ahaa. Kumbe yapo."

grep, kichujio cha mistari yenye neno unalolitaka, ikijua inaandika kwenye skrini, inatoa kila mstari unapopatikana. Ikijua inaandika kwenye paipu, inajikusanyia kwanza kwenye bafa, ghala dogo la muda, kawaida baiti 4096, ndipo imwage kwa mkupuo. Mistari yetu ina herufi 64 hivi, kwa hiyo grep ya kwanza ilikuwa imekalia majibu sitini na ushei kabla ya kumpa mwenzake hata moja. tail ilishatoa kila kitu kwa wakati. Kwa vichujio vingine, sed ni `-u`, kwa awk unaita `fflush()`, na kwa programu isiyo na chaguo lake yenyewe jaribu kuitanguliza `stdbuf -oL`. Hii ingeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani kila chumba cha zamu.

Sasa mpinzani wa kweli, `less +F`. Nyota tano, na nasema hivyo nikiwa na akili timamu.

Watu wengi wanaijua less ya Mark Nudelman kama ya kusomea tu kurasa. Ifungue kwa `less +F malipo.log` na inafuatilia mwisho sawasawa na tail. Tofauti inakuja pale unapoona kitu. Kwenye tail, kosa likipita unaviringisha dirisha juu na panya, mistari mipya inaingia, dirisha linakurudisha chini, unatukana kimoyomoyo. Kwenye less unabonyeza Ctrl-C, inaacha kufuatilia, na sasa una faili zima mkononi: `?7F3L1` inakupeleka nyuma ilipotokea kumbukumbu hiyo, `&KOSA` inaficha yote yasiyo na neno hilo, `-S` inazuia mistari mirefu isijikunje. Ukimaliza, F kubwa, unarudi kwenye kufuatilia. Mistari iliyoandikwa wakati unasoma haijapotea, imo ndani ya faili.

Na kuna moja ambayo hata wakongwe hawaijui. Tafuta kwanza `/KOSA`, kisha bonyeza Esc halafu F kubwa. Inafuatilia kama kawaida, lakini mstari wa kwanza wenye neno hilo ukitokea, terminali inapiga kengele na less inasimama pale pale. Usiku mimi huiacha hivyo, sauti ya kompyuta juu, naendelea na mengine.

Kasoro zake ni ndogo. Inafuatilia faili moja kwa wakati. Nayo pia hulishikilia faili lenyewe usipoiambia vinginevyo, kwa hiyo ni `less --follow-name +F`, refu kuandika, liwekee jina la mkato. Na kwenye faili kubwa sana inaweza kukwama ikihesabu namba za mistari. Ipe `-n` iache kuhesabu.

Wengine niwapitie haraka. tail yenyewe inakubali mafaili mengi, `tail -F malipo.log error.log`, na kila inapohama inaweka kichwa chenye mishale na jina la faili. Mawili yanasomeka. Manne yakichangamka kwa pamoja, skrini inajaa vichwa kuliko habari. Ukizima vichwa kwa `-q` hujui tena mstari ni wa nani. multitail ya Folkert van Heusden inagawa dirisha, kila faili na chumba chake, rangi zake, na kwa skrini kubwa ya ofisini ni raha. Kwenye laptop ya inchi 13 kila faili linapata mistari sita, sasa hapo unasoma nini.

lnav ya Tim Stack ndiyo ingenitoa kwa tail kama ingekuwa kila mahali. Unaipa folda nzima, inatambua miundo ya logi inayoijua, inasoma saa iliyo kwenye kila mstari na kuyachanganya mafaili yote kwa mpangilio wa muda. Jibu la nginx linakaa jirani na kosa la programu lililolisababisha, huna haja ya kulinganisha saa kwa macho. Ukibonyeza `e` inaruka kwenye kosa linalofuata, `E` inarudi kwenye lililopita, na logi unaweza kuiuliza maswali kwa SQL, lugha ya hifadhidata. Tatizo: lazima iwekwe, na kwenye seva zetu za malipo hakuna kuweka programu yoyote bila barua na sahihi. Saa nane usiku huandiki barua. Kwa hiyo lnav ninayo kwenye mashine yangu, kwa uchunguzi wa kesho yake, baada ya kuyavuta mafaili.

Huduma zinazoandika kwenye journal ya systemd, msimamizi wa huduma za Linux, hazina faili la kufuatilia. Huko ni `journalctl -u jina-la-huduma -f`, nayo haijali logrotate, na `--since "1 hour ago"` peke yake inanitosha kuipenda. Kwenye kontena, programu iliyofungashwa pamoja na mahitaji yake, ni `docker logs -f --tail 100`. Hiyo `--tail` usiisahau, la sivyo itakumwagia historia yote tangu kontena lizaliwe. Ile mashine ya Windows ya wahasibu ina PowerShell, na `Get-Content logi.txt -Wait -Tail 20` inafanya kazi. Ndefu, ila inafanya kazi.

Kwa anayefuatilia kutoka nyumbani kwa bando la simu: usiifungue logi iliyochangamka kwa SSH ukaiacha itiririke yote. Chuja huko huko kwenye seva, `ssh seva 'tail -F /var/log/malipo.log | grep --line-buffered KOSA'`, na kinachosafiri hewani kiwe mistari unayoitaka tu. Chuja upande wako, na kila mstari wa SAWA utakuwa umelipiwa.

Mwisho kuna chaguo ambalo GNU tail inalo na sijaliona kwenye tail ya Mac, `--pid`. Usiku tunachukua nakala ya hifadhidata, na kabla haijaisha hakuna ruhusa ya kuwasha upya programu. Nikiingia nikaikuta inaendelea, naangalia namba ya prosesi yake, tuseme 4312, naandika `tail --pid=4312 -F nakala.log && systemctl restart malipo`. Alama hiyo ya katikati inaruhusu komandi ya pili pale tu ya kwanza ikifaulu. Naitazama inavyokwenda, prosesi ikifa, tail inajifunga yenyewe na programu inawashwa upya. Tahadhari moja: tail haijui kama prosesi imekufa vizuri au vibaya, inajua imekufa tu. Kwa hiyo kati ya hizo komandi mbili mimi huweka `grep -q IMEKAMILIKA nakala.log`, neno ambalo skripti yetu ya nakala huliandika ikimaliza salama, nayo pia nimeiunganisha kwa `&&`.